Shajara ya bwawa la kufundishia, Rungwe: perege, kambale, trauti na kome

Januari 19

Bwawa liko kwenye mteremko, juu kidogo ya Tukuyu, karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Urefu mita 15, upana mita 10. Kina ni sentimita 80 upande wa kuingilia maji na sentimita 120 upande wa kutolea. Maji yanatoka kijitoni kwa bomba la inchi 2. Wanafunzi ni 42 wa kidato cha pili na cha tatu, vikundi saba vya watu sita sita.

Lengo liandikwe mapema ili lisipotee katikati ya kazi. Mwisho wa muhula kila kikundi kiweze kusimama mbele ya mzazi anayeuliza, "Nifuge samaki gani kwenye bonde langu?" na kumjibu kwa mambo matatu waliyoyapima wenyewe: joto la maji, mahali maji ya mfereji wake yanakoishia, na chakula kinachopatikana jirani. Jibu la "fuga perege, wanakua haraka" halikubaliki, kwa sababu ni kweli Kyela kwenye joto na si kweli Uporoto kwenye baridi.

Mtihani wa Biolojia unaandikwa kwa Kiingereza lakini bwawani kazi inakwenda kwa Kiswahili, na wazee wanaokuja kuangalia wanataja kila kitu kwa Kinyakyusa. Kwa hiyo daftari la kila kikundi lina safu tatu za majina. Pezi, gamba, tamvua, sharubu: kila kiungo kinaandikwa mara tatu siku kinaposhikwa kwa mkono, si kabla.

Januari 24

Bwawa linavuja. Maji yalijazwa Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi yameshuka sentimita 9. Kwa hali ya hewa ya huku, maji hayawezi kukauka hata sentimita moja kwa usiku mmoja, basi hayo ni maji yanayopita ardhini. Udongo wa Rungwe ni wa majivu ya volkano: mwepesi, una rutuba ya kupendeza kwa migomba na chai, lakini chini yake kuna tabaka za changarawe za volkano zinazopitisha maji kama chekeche. Anayechimba bwawa hapa kwa kufuata vipimo vya mabwawa ya Usangu, kwenye mfinyanzi mweusi, atajaza maji kila siku.

Kipimo cha udongo tulichowafundisha: chukua konzi moja, loweka, finyanga donge la ukubwa wa chungwa, lirushe juu kama mita moja na ulidake. Likipasuka, halifai. La kwetu lilisambaratika mkononi. Udongo wa bondeni ulishika, ni wa aina ile ambayo Wakisi wa Ikombe wangeweza kuufinyangia chungu.

Februari 2

Mvujo uko upande wa tuta la chini, eneo la mita za mraba 60 hivi. Imeletwa mfinyanzi tripu tatu za lori, ukatandazwa katika tabaka tatu za sentimita 5 na kushindiliwa kwa magogo yenye mpini. Kila tabaka linalowanishwa kwanza. Kikundi kimoja kilishindilia udongo mkavu na siku ya pili ulikuwa na nyufa za kupitisha kidole. Umevunjwa na kurudiwa.

Baada ya kujaza tena, maji yalishuka sentimita 1 kwa siku tatu. Inatosha.

Februari 6

Maji yametolewa, chokaa ya kilimo imewekwa kilo 20 sakafuni na kwenye kingo. Udongo huu una tindikali, na kwenye maji ya tindikali mbolea haifanyi kazi: unamwaga samadi wiki baada ya wiki na maji hayageuki kijani. Kabla ya chokaa karatasi ya kupimia ilionyesha pH kati ya 5.5 na 6. Inatakiwa 6.5 hadi 8.5. Aliyemwaga chokaa alisimama upande upepo unakotoka, akavaa barakoa na buti. Kusubiri wiki mbili kabla ya samaki.

Februari 13

Maji yamejazwa, pH ni 7. Samadi ya ng'ombe kilo 15 kwenye kizimba cha mianzi pembeni, si kumwagwa bwawa zima. Kiasi hicho ni kilo 10 kwa kila mita za mraba 100 kwa wiki. Mdomo wa bomba la kuingizia umefungwa chujio la wavu wa chandarua, na bomba la kutolea limefungwa wavu wa matundu ya milimita 2 ndani na mwingine nje. Wavu wa nje unaonekana kama kazi ya ziada. Sababu yake iko kwenye somo la wiki ijayo.

Februari 20. Somo la mabonde

Ramani ya mkoa ilitandikwa mezani na kila kikundi kikapewa uzi wa bluu kufuata maji ya kijito chetu hadi mwisho. Yanaingia Kiwira, Kiwira inaingia Ziwa Nyasa. Kisha wakafuata maji ya sehemu nyingine: Mbarali inaingia Ruaha Mkuu na hatimaye Rufiji, Songwe ya kaskazini inaingia Ziwa Rukwa. Mwendo wa saa chache kwa gari, na mabonde matatu tofauti.

Hapa ndipo neno "samaki wa kwetu" linapopata maana. Ziwa Rukwa lina perege wake, *Oreochromis rukwaensis*. Bonde la Rufiji lina *Oreochromis urolepis*. Ziwa Nyasa lina jamii ya magege, na kwenye vijito na mabwawa yake kuna *Oreochromis shiranus*. Ziwa dogo la kreta la Kiungululu, hapa hapa Rungwe, lina perege asiyepatikana kwingine kokote duniani, *Oreochromis chungruruensis*. Sato, *Oreochromis niloticus*, si mwenyeji wa hata bonde moja kati ya hayo. Ni samaki mzuri wa kufuga, anakua kuliko ndugu zake, na ndiyo maana vifaranga wake wanasambazwa kila mahali. Akitoroka anazaliana na perege wenyeji, na watoto wao wanazaa pia. Baada ya vizazi kadhaa mwenyeji hayupo tena kama alivyokuwa, na hakuna wa kumrudisha. Kwa hiyo wavu wa pili kwenye bomba.

Uamuzi wa mradi: bwawa hili litapandwa *O. shiranus*, kwa kuwa maji yake yanaishia Nyasa.

Machi 3. Kupandikiza

Vifaranga 300 kutoka kwa mzalishaji wa Kyela, wastani wa gramu 5. Ni wawili kwa mita moja ya mraba. Hawakulishwa tangu jana yake, maana samaki aliyeshiba huchafua maji ya safarini. Mifuko ya nailoni ilijazwa theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni.

Maji ya mfukoni yalikuwa nyuzi 27, ya bwawa nyuzi 21. Tofauti ya nyuzi 6 inaua. Zile dakika 15 za kuuacha mfuko uelee bwawani zinazotajwa kila mahali zinatosha pale tofauti inapokuwa ya nyuzi 2 au 3. Hapa mifuko ilielea nusu saa imefungwa, kisha ikafunguliwa na kuongezwa kikombe kimoja cha maji ya bwawa kila dakika 5 kwa muda wa saa nzima. Mfuko mmoja kati ya sita ulimwagwa mapema. Hadi Machi 6 wameokotwa wafu 14, na sehemu kubwa iliokotwa upande ule ule. Kikundi kilichohusika kimeandika hesabu hiyo daftarini bila kuifuta, na imekuwa somo bora kuliko lolote tulilopanga juu ya joto la mwili wa samaki.

Machi 10

Mvua siku nzima. Hakuna kipimo cha uwazi wa maji.

Machi 17. Chakula

Kilo 10 za chakula chenye protini ya asilimia 30 hivi:

dagaa waliosagwa kilo 2, soya iliyokaangwa kilo 3, mashudu ya alizeti kilo 2, pumba za mahindi kilo 2.5, unga wa muhogo nusu kilo.

Wanafunzi walipiga hesabu wenyewe. Dagaa asilimia 55, soya 38, mashudu 28, pumba 10, muhogo karibu 2. Jumla ni kilo 3.06 za protini ndani ya kilo 10. Bei za sokoni ziliandikwa pembeni, na ikaonekana mara moja kuwa dagaa ndio wanaopandisha gharama. Ukiwatoa wote protini inashuka na ukuaji unashuka nayo. Unaweza kuwapunguza, usiwaondoe.

Mambo matatu yaliyoharibika. Kwanza, soya ilikaangwa nje ikabaki mbichi ndani. Soya mbichi ina kizuizi kinachomzuia samaki kusaga protini, hivyo ikarudishwa jikoni hadi ikageuka kahawia na kutoa harufu ya karanga. Pili, mchanganyiko ulisagwa kwa matundu makubwa na tambi zake zikamomonyoka dakika ya kwanza majini. Unga ulichekechwa tena, na muhogo ukapikwa uji mzito kabla ya kuchanganywa. Sasa tambi hukaa dakika 10. Tatu, gunia moja la mashudu lilikuwa na ukungu kwenye kona. Limetupwa lote, maana sumukuvu haikai pale tu unapoona weusi.

Machi 31. Kupima uzito

Wavu umekokotwa, wamepimwa samaki 30. Wastani gramu 11. Tukikadiria wamebaki 285, uzito wote ni kilo 3.1, na chakula cha asilimia 5 ni gramu 157 kwa siku, mara mbili: saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Saa 1 asubuhi maji bado ni baridi na chakula kinazama bila kuguswa.

Kazi ya pili ya siku hiyo ndiyo ilituzuia hadi saa 12 jioni. Kila samaki alihesabiwa miiba migumu ya pezi la chini, lile la nyuma ya tundu la haja. *O. shiranus* kwa kawaida ana miiba minne. Sato ana mitatu, na pezi lake la mkia lina mistari ya wima iliyokolea kutoka mwanzo hadi mwisho. Kati ya 30, saba walikuwa na miiba mitatu na mkia wa mistari.

Mbegu ilikuwa imechanganyika. Tuliomba aina moja, tukalipia aina moja, na mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye lenzi ya mkono ndiye aliyegundua.

Aprili 2 hadi 4

Bwawa lote limekokotwa mara tatu na kila samaki kuhesabiwa miiba. Waliotengwa ni 61, wote wenye mistari mkiani, pamoja na wachache wasioeleweka (miiba mitatu, mistari hafifu, huenda ni machotara). Wamewekwa kwenye tangi la lita 2,000 lililo mbali na mfereji na watakuwa samaki wa maabara. Hakuna atakayeachiwa. Waliobaki bwawani ni 219.

Ushauri kwa shule yoyote ya bonde la Nyasa: hesabu miiba kwenye mfuko, kabla ya kumwaga. Vifaranga 20 vinatosha kukuonyesha. Sisi tulihesabu siku 28 baadaye, na kilichotuokoa ni ule wavu wa nje.

Aprili 14. Pumzi ya alfajiri

Mlinzi aliripoti samaki wote wako juu, midomo nje ya maji, saa 11 alfajiri. Kisahani cha kupimia uwazi (mfuniko wa bati wa sentimita 20 uliopakwa rangi nyeusi na nyeupe, wenye kamba ya mafundo) kilipotea machoni kwenye sentimita 14. Inatakiwa 25 hadi 30. Maji yamekuwa kijani mno. Vijimea hivyo hutoa oksijeni mchana, lakini usiku huvuta oksijeni pamoja na samaki, na kabla ya jua kuchomoza maji yanakuwa karibu matupu.

Hatua: samadi imesimamishwa, maji mapya yamefunguliwa kwa saa 6, chakula hakikutolewa siku hiyo. Kesho yake samaki walikuwa chini. Chanzo kilikuwa vikundi viwili kuweka samadi wiki moja bila kuulizana. Sasa kuna ubao kwenye kizimba, na anayeweka anaandika tarehe.

Aprili 28. Kupasua

Mezani: perege 6 kutoka tangi la maabara na wengine wakubwa wawili wa sokoni, kambale 3, na trauti 3 waliokuja kwenye barafu kutoka Mufindi. Trauti si mwenyeji. Waliletwa enzi za Waingereza na kuachiwa kwenye vijito vya baridi vya nyanda za juu. Anataka maji ya nyuzi 12 hadi 18 yanayotembea na yenye oksijeni nyingi. Kwenye bwawa tulivu la samadi hawezi kuishi hata wiki. Mwenye kijito kinachoanguka mwaka mzima ndiye wa kumfikiria, na ajue kwamba chakula chake kinataka protini ya asilimia 40 na zaidi.

Samaki aliye hai anauawa kwa pigo moja kichwani, na mwalimu ndiye anayepiga. Kambale ashikwe kwa kitambaa kikavu: miiba ya mapezi yake ya kifuani ina meno na kidonda chake kinauma siku mbili.

Mkasi unaingizwa kwenye tundu la haja na kwenda mbele, ncha butu ikiwa ndani, kwa kina kidogo sana. Vikundi vitatu vilianzia kichwani vikapasua nyongo, kila kitu kikawa kijani na harufu ikafunga somo. Anzia nyuma.

Utumbo ulinyooshwa kwenye ubao wenye rula. Perege wa sentimita 18 alikuwa na utumbo wa sentimita 121, karibu mara 7 ya mwili, kwa sababu anakula vijimea na machicha ya mimea. Trauti wa sentimita 26 ana utumbo mfupi kuliko mwili wake na vifuko vingi vyembamba kama vidole baada ya tumbo: huyo ni mla nyama. Kambale yuko karibu na trauti, utumbo unakaribia urefu wa mwili. Darasa lilinyamaza ule uzi wa perege ulipozidi kuvutwa. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini pumba zinamfaa perege na hazimfai trauti.

Chini ya kifuniko cha matamvua cha kambale, juu ya matamvua yenyewe, kuna kiungo chekundu chenye matawi kama kiua cha koliflawa. Hicho ndicho kinachompa pumzi ya hewa ya kawaida, na ndiyo sababu anauzwa hai sokoni kwenye beseni lenye maji ya kulowanisha ngozi tu.

Mei 8. Wenye magamba na makombe

Jedwali la wanyama: kambamiti wawili waliogandishwa kutoka pwani, kaa wa kijito mmoja, makombe ya chaza, konokono wa bwawani, na kome wanne hai kutoka ufukwe wa Matema. Kambamiti na kaa wana miguu kumi ya kutembelea (kwa kaa jozi ya mbele ndiyo makoleo), lakini kambamiti ana jozi nyingine tano za kuogelea chini ya mkia. Kome ana vipande viwili vya kombe, konokono kimoja.

Swali lililokuja lilikuwa zuri: kwa nini huku hakuna anayefuga kamba? Kambamiti anataka maji ya chumvichumvi yenye nyuzi 28 hadi 32. Ndiyo maana anafugwa Mafia, na kaa wa mikoko wananenepeshwa kwenye vizimba huko huko pwani. Tukuyu haina chumvi wala joto. Wanafunzi waliandika hilo kama jibu kamili, na ni jibu kamili.

Jaribio la kome: mitungi miwili ya lita 5 ya maji ya kijani ya bwawa, mmoja una kome wanne, mwingine hauna. Baada ya saa 4 yote miwili ilipungua ukijani. Vijimea vilikuwa vimetuama chini. Tulirudia Mei 9 tukikoroga taratibu kila dakika 15. Safari hii mtungi wa kome ulisafika hadi maandishi ya gazeti yakasomeka nyuma yake, na ule mwingine ukabaki kijani. Bila mtungi wa pili jaribio la kwanza lingetudanganya. Matema na kijito chetu ni bonde moja, hata hivyo kome hawakuachiwa bwawani.

Konokono wa bwawani anahitaji tahadhari ya pekee. Baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho, na kwa macho hatuwezi kuwatofautisha. Nyasi za kingo zinafyekwa kila wiki, nyasi za majini zinang'olewa, na hakuna anayeingia bila buti ndefu. Wawili walioonekana peku wamepelekwa kituo cha afya kuandikiwa vipimo.

Mei 22

Wastani gramu 26. Jinsia imeangaliwa kwa tone la wino kwenye kichomozo cha nyuma ya tundu la haja: dume ana tundu moja kwenye kichomozo hicho, jike ana mawili. Vifaranga vipya vimeonekana ukingoni, kwa hiyo kambale 15 wa sentimita 8 wamewekwa kuwapunguza. Kambale awe mdogo kuliko perege uliowapandikiza. Akiwazidi atakula mtaji.

Juni 3

Maji ni nyuzi 17 saa 1 asubuhi, 19 saa 9 alasiri. Wastani wa samaki gramu 28, yaani gramu 2 tu kwa siku 12. Perege hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30, chini ya 20 hamu ya kula inashuka, na karibu 16 anaacha. Chakula kimepunguzwa kutoka asilimia 4 hadi 1 ya uzito, mara moja, alasiri, siku zenye jua pekee. Hesabu: samaki 210, kilo 5.9, gramu 59 kwa siku. Kinachobaki baada ya dakika 10 kinatolewa kwa chujio.

Vikundi sita kati ya saba vimejibu swali la mzazi kwa kutumia jedwali hili la joto. Viwili vilishauri asifuge perege kabisa mwenye bonde la juu ya mita 1,800, afikirie kambale kwenye tangi lililofunikwa nailoni, na kimoja kikaongeza kuwa akiwa na kijito cha mfululizo aulizie trauti. Kikundi cha saba kilisahau kufuata uzi wa maji kwenye ramani. Kimerudishiwa kazi.

Juni 5. Kufunga shule

Zamu za likizo: watu wawili wanaokaa karibu, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Kupima joto saa 9, kulisha gramu 59 kama jua limetoka, kusafisha wavu zote mbili za bomba la kutolea kwa brashi, kuandika. Wavu wa ndani ukiziba na maji kukaribia kingo, fungua bomba la chini nusu. Usitoe wavu.

Kupima uzito tena Julai 10.